Kiungo Kikifa, Usikifute

Fungua makala ya kata yoyote ya Tanzania katika Wikipedia ya Kiswahili. Nyingi ni fupi, aya moja au mbili: kata iko wilaya gani, mkoa gani, halafu idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa ya mwaka fulani. Mwisho wa sentensi ya sensa pana namba ndogo ya tanbihi. Ibonyeze, na usishangae ukiambiwa ukurasa unaoutafuta haupo.

Tanzania ina kata zinazokaribia 4,000. Makala zake ziliandikwa na watu wa kujitolea, mara nyingi kwa kunakili muundo uleule kutoka kata moja hadi nyingine, kwa hiyo makala nyingi mno zimeegemea tovuti mojamoja za serikali. Ofisi inayomiliki tovuti ikiamua kubadilisha mpangilio wa kurasa zake, mamia ya makala hubaki na takwimu zisizoweza kuthibitishwa, na hakuna aliyepewa taarifa.

Baadaye anakuja mhariri mwenye nia njema. Anabonyeza, anaona kiungo hakifunguki, anakifuta. Katika muhtasari wa hariri anaandika kwamba ameondoa kiungo kibovu, na anaondoka akijiona amefagia. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko kufa kwenyewe kwa kiungo, na ndilo ninaloona likirudiwa kila siku katika hifadhidata zinazotunzwa na jamii. Kabla hajafika, msomaji alikuwa na namba pamoja na njia ya kuifuatilia, japo njia yenyewe imeziba. Alipoondoka, ikabaki namba tupu ambayo yeyote angeweza kuibuni.

Anwani iliyokufa ina mengi ya kusema. Chukua mfano wa kubuni: www.mfano.or.tz/sensa/2012/dodoma/bahi.pdf. Hata kama haifunguki, imekwisha kukueleza ni taasisi gani, sensa ya mwaka gani, mkoa gani, wilaya gani, na kwamba kilichotajwa kilikuwa faili la PDF. Kwa taarifa hizo mtafutaji mzuri anaweza kuipata hati yenyewe mahali pengine. Na ndiyo hiyohiyo anwani unayoihitaji ili kutafuta nakala kwenye hifadhi za mtandao, kwa sababu hifadhi hizo hupanga kurasa kwa anwani zake. Ukiifuta, umetupa ufunguo.

Tusidhani ni tatizo la nchi zetu pekee. Kituo cha utafiti cha Pew nchini Marekani kiliripoti mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa za mtandao zilizokuwepo mwaka 2013 hazikuwa zikipatikana tena miaka kumi baadaye. Katika makala za Wikipedia ya Kiingereza walizozichunguza, asilimia 54 zilikuwa na angalau kiungo kimoja kwenye marejeo kinachoelekea ukurasa usiokuwepo. Miaka kumi nyuma ya hapo, wanasheria wa Harvard, wakiwemo Jonathan Zittrain na Lawrence Lessig, walionyesha kwamba nusu ya viungo vilivyotajwa ndani ya hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani havikuonyesha tena kile ambacho majaji walikitaja. Kama hukumu za mahakama zinapata hali hiyo, makala ya kata ya Bahi ina udhuru.

Sababu za kufa kwa viungo ni za kawaida mno. Ada ya kikoa haikulipwa. Mradi wa wafadhili umeisha na tovuti yake ikaisha nao. Gazeti limenunua mfumo mpya wa kuchapishia habari, na anwani zote za zamani zikaachwa. Wizara mbili zimeunganishwa kuwa moja. Mara chache inakufa nchi: kikoa cha .zr kilikuwa cha Zaire, na baada ya nchi kurudia jina la Kongo mwaka 1997 kikaja .cd, mwaka 2001 kikoa cha .zr kilifutwa kabisa, na kila anwani iliyoishia na herufi hizo ikakosa pa kwenda. Kikoa cha .yu cha Yugoslavia nacho kilifutwa mwaka 2010.

Wapo wanaohama kwa ustaarabu. Deutsche Welle, ambayo wasikilizaji wa Kiswahili wanaijua tangu enzi za masafa mafupi, ilitumia kikoa cha dw-world.de, kisha dw.de, na tangu 2015 dw.com. Lakini kila habari yao ina namba yake ya utambulisho mwishoni mwa anwani, na namba hiyo haibadiliki kikoa kinapobadilika. Mtu akiwa na anwani ya zamani, bado ana pa kuanzia. Tim Berners-Lee, aliyebuni mtandao wa kurasa, aliwasihi wenye tovuti tangu mwaka 1998 wasibadilishe anwani zao ovyo. Wengi hawakumsikia.

Turudi kwa mhariri wetu. Kabla hajagusa kitu, inampasa ajue kiungo kimekufa kweli au kimezimia tu. Kila unapofungua ukurasa, seva inakujibu kwa msimbo wa tarakimu tatu. 404 maana yake ukurasa haukuonekana. Seva haijui kama utarudi. 410 maana yake umeondolewa na hautarudi. 403 ni mlango uliofungwa: ukurasa upo, ila wewe huruhusiwi, na mara nyingine sababu ni nchi uliyopo. 503 ni seva iliyozidiwa au iliyo kwenye matengenezo, na ukijaribu kesho yawezekana ikakujibu vizuri. 301 ni habari njema, kwa kuwa seva inakwambia ukurasa umehamia anwani fulani moja kwa moja, na kivinjari kinakupeleka huko bila wewe kujua. Kati ya hizo ni 410, na 404 iliyorudiwa kwa siku kadhaa, zinazotosha kusema kiungo kimekufa. Nyingine zinataka subira.

Pia kuna vifo vinavyojificha. Tovuti nyingi, badala ya kukiri kwamba ukurasa haupo, hukupeleka kwenye ukurasa wa mwanzo na kujibu 200, yaani kila kitu ni salama. Programu ya kukagua viungo itakwambia kiungo ni kizima. Ni jicho la mtu tu litakalogundua kwamba takwimu za kata zilizokuwa pale hazipo, na mahali pake pana picha ya mkurugenzi akikata utepe.

Kibaya kuliko vyote ni kiungo kilichotekwa. Chama cha kiraia kinaacha kulipia kikoa chake. Mfanyabiashara asiyejulikana anakinunua mara kinapoachiwa, kwa sababu kikoa chenye viungo vingi vinavyokielekea kina thamani kwenye mitambo ya kutafutia. Miezi michache baadaye, tanbihi iliyokuwa ikimpeleka mwanafunzi kwenye ripoti ya afya ya mama na mtoto inampeleka kwenye kamari, au kwenye ukurasa unaomwomba namba ya simu na nywila. Hapa ndipo nakubali kwamba anwani isibonyezeke tena. Wikipedia ya Kiingereza ina alama maalumu kwa hali hii: ndani ya kigezo cha tanbihi unaandika kwamba hali ya anwani ni *usurped*, na kigezo kinaificha anwani ya zamani kwa msomaji huku kikiibakiza kwenye chanzo cha ukurasa kwa wahariri. Msomaji anaonyeshwa nakala ya hifadhini peke yake. Anwani imefichwa, haikufutwa.

Sasa tutengeneze kiungo kimoja hatua kwa hatua. Hifadhi kubwa ya kurasa za mtandao ni ya Internet Archive, taasisi isiyo ya kibiashara iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1996 na Brewster Kahle. Sehemu yake ya kuangalia kurasa za zamani, Wayback Machine, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2001. Chukua anwani iliyokufa, uitangulize kwa web.archive.org/web/*/ na ubonyeze. Nyota hiyo inamaanisha tarehe yoyote. Utaletewa kalenda yenye viduara kwenye siku ambazo ukurasa ulinakiliwa. Kiduara cha buluu ni siku ambayo ukurasa ulijibu vizuri, kijani ni siku ulipoelekezwa kwingine, rangi ya chungwa na nyekundu ni siku za makosa. Anza na buluu, lakini usiiamini kabla ya kufungua. Ule ukurasa wa mkurugenzi na utepe nao huja kwa rangi ya buluu.

Ukichagua siku, anwani itakayotokea itakuwa na tarakimu 14 katikati, kwa mfano 20160306094512. Zisome kwa mafungu: mwaka 2016, mwezi wa tatu, tarehe 6, saa 09, dakika 45, sekunde 12. Saa hizo ni za UTC. Kwa saa za Tanzania ongeza tatu, inakuwa 12:45, nasi tunaita saa saba kasorobo mchana. Ni jambo dogo, ila lina mtego: nakala iliyopigwa saa 22:30 za UTC tarehe 6 ni saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 7 kwa mtu wa Dar es Salaam. Katika tanbihi andika tarehe ya UTC kama ilivyo kwenye tarakimu, usije ukaanzisha mabishano na mhariri wa Bujumbura ambaye saa yake iko nyuma ya yako kwa saa moja.

Uchague nakala ipi kati ya nyingi? Wengi huchukua ya mwisho kabisa kwa kudhani mpya ndiyo bora. Mimi hutazama kwanza tarehe ambayo mwandishi wa makala alisema aliusoma ukurasa, ile inayoandikwa kwa maneno “iliwekwa mnamo”, kisha hutafuta nakala iliyo karibu zaidi na siku hiyo. Ukurasa wa takwimu husahihishwa, hupunguzwa, huunganishwa na mwingine. Kama mwandishi aliusoma mwezi Mei 2016, nakala ya Machi 2016 ina nafasi kubwa ya kuonyesha alichokiona yeye. Ya 2021 huenda ina jedwali jingine. Nakala ikifunguka, tafuta ile namba iliyotajwa kwenye makala, kwa macho yako. Usipoiona, nakala hiyo haikusaidii hata kama inafunguka haraka.

Hatua ya mwisho ndiyo inayokosewa sana. Watu hufuta anwani ya awali na kuweka ya hifadhini mahali pake. Vigezo vya tanbihi vina nafasi mbili tofauti kwa makusudi: *url* kwa anwani ya awali, *archive-url* kwa ile ya hifadhini, halafu tarehe ya nakala, halafu neno linaloeleza kama ya awali ni hai au imekufa. Zijaze zote. Hifadhi nayo ni tovuti kama tovuti nyingine. WebCite, iliyotegemewa sana na waandishi wa makala za kisayansi, ilikoma kupokea kurasa mpya mwaka 2019. Oktoba 2024 Internet Archive yenyewe ilishambuliwa na wadukuzi, Wayback Machine ikazimika kwa siku kadhaa, na iliporudi ilianza kwa kusomwa tu bila kupokea kurasa mpya. Mwenye anwani ya awali anaweza kujaribu hifadhi nyingine siku hiyo.

Na pasipo na nakala popote? Hapo ndipo wengi huona kufuta ni halali. Si halali. Marejeo hayalazimiki kuwa na kitu cha kubonyeza. Vitabu vilitaja vyanzo vyake kwa karne nyingi kabla ya umeme. Takwimu za kata za sensa ya 2012 zimo katika ripoti ya mgawanyo wa watu kwa maeneo ya utawala, iliyotolewa Machi 2013 na Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali wa Zanzibar. Ukitaja jina la ripoti, mtoaji, mwaka na jedwali, umempa msomaji chanzo kinachosimama hata intaneti ikikatika. Weka alama kwamba kiungo kimekufa, ongeza tarehe uliyogundua, na uache nafasi kwa mwenye ripoti mkononi aje akamilishe.

Kuna tiba moja ambayo ni mbaya kuliko ugonjwa. Mhariri anakuta kiungo cha sensa ya 2012 kimekufa, anatafuta kwenye tovuti ya sasa, anapata ukurasa wa sensa ya 2022 unaofunguka vizuri, anauweka. Namba ndani ya makala haigusi. Sasa makala inataja idadi ya 2012 na kumpeleka msomaji kwenye ukurasa wa 2022. Kiungo ni kizima, roboti zote zimeridhika, na tanbihi ni ya uongo. Katika miaka hiyo kumi Tanzania ilitoka watu 44,928,923 hadi 61,741,120. Hakuna kata ambayo unaweza kuchukulia kwamba haikubadilika. Mipaka nayo haikutulia. Mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ilianzishwa mwaka 2012, na Songwe ikamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Wilaya ya Bukombe katika sensa ya 2002 utaikuta chini ya Shinyanga, leo iko Geita. Kata zimegawanywa pia, jina likabaki kwa kipande kimoja. Mtu anayetaka takwimu mpya aandike sentensi mpya yenye tanbihi yake, na ile ya zamani aiache na chanzo chake cha zamani.

Hifadhidata zenye taarifa za mafungu, mfano Wikidata iliyoanza Oktoba 2012, zina adabu yake. Humo tovuti rasmi ya taasisi ni dai linaloitwa P856. Tovuti ikifungwa, dai halifutwi. Linaongezewa tarehe ya mwisho, P582, na anwani ya nakala, P1065. Tovuti mpya ikiwepo inaongezwa na kupewa daraja la juu. Nimeona wengi wakiishusha ya zamani kwenye daraja la chini kabisa, lile la madai yaliyokataliwa, na hapo wanakosea: daraja hilo ni la mambo ambayo hayakuwa kweli hata siku moja. Kwamba chuo fulani kilikuwa na tovuti hii kuanzia 2005 hadi 2014 ni kweli hadi leo. MusicBrainz, hifadhidata ya muziki inayotunzwa na wapenzi wa muziki, ina fikra hiyohiyo: uhusiano kati ya msanii na anwani unawekewa alama kwamba umekwisha, nao unabaki. Mwaka 2019 Myspace ilipokiri kupoteza nyimbo zilizopakiwa humo kwa miaka 12 ya mwanzo, kumbukumbu za namna hii zilibaki kuwa ushahidi kwamba msanii aliwahi kuwa na ukurasa pale.

Kazi ya kukagua mamilioni ya viungo haiwezekani kwa mikono. Katika Wikipedia inafanywa na InternetArchiveBot, roboti inayopita makala hadi makala, inajaribu kila kiungo zaidi ya mara moja kwa siku tofauti kabla ya kukitangaza kuwa kimekufa, na inajaza yenyewe anwani ya hifadhini. Oktoba 2018 Internet Archive ilitangaza kwamba viungo zaidi ya milioni tisa vilikuwa vimeokolewa na roboti hii pamoja na wahariri katika Wikipedia za lugha mbalimbali. Ni kazi kubwa, na bila roboti hiyo makala zetu nyingi zingekuwa magofu. Lakini haisomi Kiswahili wala lugha nyingine yoyote. Seva ya halmashauri iliyo taratibu, au iliyozuia maombi kutoka nje ya nchi, itaonekana kwake imekufa wakati mtu wa Iringa anaifungua bila shida. Ukurasa uliotekwa na wenye tovuti za kamari utaonekana kwake mzima. Mhariri wa nyumbani anapaswa kupita nyuma yake.

Kwa wanaosimamia tovuti za wizara, halmashauri na magazeti yetu nina ombi moja. Mnapobadilisha mfumo, mwambieni fundi aweke orodha ya anwani za zamani na kuzielekeza kwenye mpya kwa 301. Kwa fundi anayejua kazi yake, anwani zenye mpangilio mmoja huelekezwa kwa kanuni chache tu, na mwanafunzi aliyewataja kwenye tasnifu yake atawashukuru.

Na wewe msomaji, unapoweka kiungo kwenye makala yoyote, kipeleke kwanza web.archive.org/save ili nakala ichukuliwe siku hiyohiyo. Kisha tafuta makala ya kata uliyozaliwa, bonyeza tanbihi ya sensa, na ikigoma, unajua pa kuanzia.